Umepewa kazi ya kufundisha wauguzi huduma ya kiharusi wodini? Anzia hapa

Haya, metroni kakuita ofisini, kakwambia kuanzia mwezi huu wewe ndo mkufunzi wa wauguzi kwa wagonjwa wa kiharusi, kakupa daftari la mahudhurio na funguo ya kile chumba chenye projekta inayowaka ikijisikia, basi, nenda kafanye kazi. Unaanzia wapi hakuna aliyekwambia. Mwongozo huu ni wako, hasa kama uko Dodoma au kanda hii ya kati, Singida, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa huko, ambako mgonjwa anafika kachelewa, usiku wauguzi wawili wana wodi nzima, na mtu wa fiziotherapia ukimkosa asubuhi ndo umemkosa.

Msimamo wangu nausema mapema. Kazi yako itapimwa saa tisa usiku, wewe umelala zako Ilazo, na yule nesi aliyehamishiwa wodini juzi anampokea mzee aliyepooza upande wa kulia. Akijua cha kufanya bila kukupigia simu, umefundisha. Kama hajui, hata ungekuwa na picha 80 za kuonesha ukutani hujafundisha kitu. Kwa hiyo kila hatua hapa chini isome ukimuwaza huyo nesi wa saa tisa.

HATUA YA 1: Usifundishe kwanza, kaa uangalie

Najua unataka kuanza na semina maana ndo inaonekana kwenye ripoti. Acha kwanza. Ingia zamu ya usiku, kaa kama msaidizi, shika kazi, afu angalia. Mgonjwa wa kiharusi akiingia nani anampokea, glukomita (kile kipima sukari cha kidoleni) iko wapi na vijiti vyake vipo au vimeisha, kipimajoto kinafanya kazi au kinazunguka wodi tatu, maji ya kunywa nani kampa mgonjwa na saa ngapi. Kisha vuta mafaili ya wagonjwa waliotoka na waliofariki, soma maandishi ya wauguzi, sio ya madaktari. Utakuta vitu kama "mgonjwa anaendelea vizuri" siku nne mfululizo na siku ya tano nimonia. Hapo ndo utajua ufundishe nini, na mara nyingi utakuta sio kile ulichokuwa umepanga.

Wakati huohuo ongea na wauguzi wa zamani. Yule mama aliyekaa wodi ya wanaume miaka mingi anaweza asijue skeli yoyote ya kiharusi lakini akiangalia mgonjwa anakwambia huyu usiku huu atabadilika, na anabadilika kweli. Mtu kama huyo muweke upande wako mapema, ukimpita juu juu ukaenda kufundisha watoto wa interni, wale wahitimu wapya, peke yao, wodi nzima itakugomea kimyakimya na hutajua kwanini.

HATUA YA 2: Mlangoni

Fundisha mambo matatu ya mapokezi, na yafundishwe kwa kufanya.

La kwanza ni muda. Swali sio "ameanza kuumwa lini", swali ni mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi. Kama kaamka asubuhi kashapooza, hesabu inaanzia jana usiku alipoenda kulala, haianzii alipoamka. Hii ina maana kubwa kwa sababu ile dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kwa hospitali zenye nayo, inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu, na haitolewi mpaka picha ya siti skani ioneshe kwamba kichwani hakuna damu iliyovuja. Wagonjwa wetu wengi watakuwa wamepitwa na huo muda, sawa, lakini nesi auandike hivyohivyo. Na auandike kwa saa za faili, yaani ndugu akisema saa mbili usiku iandikwe 20:00, isiandikwe 02:00, maana daktari anayesoma asubuhi hakuwepo.

La pili ni sukari. Kila anayeletwa kwa kupooza ghafla, kuchanganyikiwa au kushindwa kuongea atobolewe kidole hapohapo kabla ya jambo lolote refu. Sukari ikishuka sana inaiga kiharusi vizuri mpaka unadanganyika, mtu anapooza upande mmoja kabisa, ukimpa glukosi anakaa na kukuuliza amefikaje hapa. Ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L) daktari aambiwe na irekebishwe mara moja.

La tatu ni uso, mkono na usemi. Mwambie acheke au aoneshe meno, anyooshe mikono yote miwili afumbe macho uone upi unashuka, arudie sentensi fupi. Hapo kwenye usemi sisi wa huku tuna kazi ya ziada. Bibi katoka ndani ndani Bahi, Kiswahili chake ni cha kuombea maji, nesi anamwambia arudie sentensi ya Kiswahili, bibi kimya, faili linaandikwa kapoteza usemi. Kumbe hajapoteza kitu. Mwite mwanae amsalimie kwa Kigogo, mbukwa, afu asikilize mama anajibuje, na umuulize mtoto, mama ndo anavoongea siku zote? Wa Kondoa apimwe kwa Kirangi, wa Singida kwa Kinyaturu. Halikugharimu chochote hili, na pia linakuepusha na kosa la upande wa pili, mgonjwa kaharibikiwa usemi kweli lakini mmesema ni lugha tu.

HATUA YA 3: Kumeza (hapa ndo utumie muda wako mwingi)

Kama una nguvu ya kufundisha kitu kimoja tu mwaka mzima, fundisha hiki. Kiharusi kinalegeza misuli ya koo kama kinavolegeza mkono, ila mkono unauona na koo huoni. Mgonjwa anapewa uji, nusu unaingia njia ya hewa, siku mbili tatu baadaye ana homa na kifua kinakoroma, na familia inaambiwa ugonjwa umezidi.

Kanuni ya wodi iwe moja na isiwe na msamaha: hakuna kitu kinaingia mdomoni, maji, uji, wala kidonge, mpaka nesi ampime kumeza na aandike. Kidonge nakisisitiza kwa sababu kinasahaulika, utakuta bango la "asile" limebandikwa kitandani na bado trei ya dawa za saa nne inapita na kikombe cha maji. Na kipimo kisichelewe, lenga ndani ya masaa 4 tangu afike, maana kumwacha mtu na njaa na kiu siku nzima kwa joto la Dodoma kisa hakuna aliyempima nayo sio huduma.

Namna ya kupima ifundishwe hivi. Kwanza, je, yuko macho na anaweza kubaki macho dakika 15? Kama anasinzia sinzia, acha, hajafikia kupimwa, rudi baadae. Mkalishe wima kabisa, sio kuegama kwenye mto mmoja. Msafishe mdomo, toa meno bandia kama yamelegea. Mwambie akohoe, sikiliza kikohozi kina nguvu au ni cha kubembeleza. Afu maji kijiko kimoja cha chai, kidole chako kimegusa koo lake kwa nje usikie linapanda, msubiri, mwambie aseme "aaa". Rudia mara tatu. Akipita, mpe glasi, kama mililita 90 hivi, anywe taratibu bila wewe kumwinulia kichwa nyuma. Popote atakapokohoa, sauti ikawa na majimaji kama mtu anaongea huku anasukutua, pumzi ikabadilika, au maji yakachuruzika pembeni ya mdomo, simama hapo, hajapita. Na hata aliyepita aangaliwe mlo wa kwanza, kwa sababu wapo ambao chakula kinaingia mapafuni na hawakohoi hata kidogo.

Asiyepita anahitaji mpira wa puani wa kulishia, na hapa kuna mazoea ya zamani inabidi uyavunje kwa upole. Ile ya kupuliza hewa na bomba la sindano halafu unasikiliza tumboni kwa stetoskopu haiaminiki, mpira ukiwa kwenye mapafu unaweza kusikia mlio uleule. Vuta majimaji upime asidi kwa karatasi, ikisoma 5.5 au chini uko tumboni, ukiwa na mashaka piga eksirei. Akilishwa kichwa kiwe juu nyuzi 30 mpaka 45, na kibaki juu angalau nusu saa baada ya kumaliza.

Mafunzo yenyewe yafanye hivi, na utaona wanavyokumbuka: wakalishe wauguzi wawili wawili, mmoja amlishe mwenzake uji kwa kijiko bila kuongea, harakaharaka, mlishaji kasimama juu yake. Baada ya vijiko vitano badilisheni, safari hii mlishaji akae chini usawa wa macho, kijiko nusu, asubiri mezo la kwanza ndo alete la pili. Wenyewe watasema. Kuna mmoja atacheka mwanzoni, mwache acheke.

Swali litakalokuja, nakuhakikishia, ni mlenda. Ndugu watauliza babu anaruhusiwa mlenda? Jibu langu: kitu kizito kinateremka taratibu kooni kuliko maji kwa hiyo wengine wanakiweza kabla ya maji, lakini ugali na mlenda ni vitu viwili vya uzito tofauti kwa mkupuo mmoja, na hicho ndo kigumu kwa koo dhaifu. Aanze na uji mzito laini usio na mabonge, apande ngazi, na kila ngazi nesi awepo. Uji wa uwele uchekechwe.

HATUA YA 4: Homa na sukari

Hii ni fupi, ila inafanya kazi. Wenzetu Australia, jimbo la New South Wales, walichukua wodi 19 za kiharusi, baadhi ya wodi wauguzi wakafundishwa vitu vitatu tu: homa, sukari na kumeza. Matokeo yakatoka 2011. Baada ya siku 90, kwenye wodi zilizofundishwa asilimia 42 ya wagonjwa walikuwa wamefariki au wamebaki tegemezi, kwenye wodi zingine asilimia 58. Hamna mashine mpya wala dawa mpya hapo, ni wauguzi. Hii takwimu ibebe kichwani, siku uongozi unakuuliza hizo karatasi zako za nini utaihitaji.

Joto la mwili lipimwe kila masaa 4 kwa masaa 72 ya kwanza, likifika 37.5 apewe parasetamo, kwa mpira au kwa njia ya haja kubwa kama hajapita kumeza, na chanzo kitafutwe. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja hapa Dodoma bati linawaka na utamsikia nesi anasema "ni joto tu la wodi". Hapana. Mfunue mablanketi na vitenge ambavyo ndugu wamemrundikia, fungua dirisha, pima tena, ila lile la 37.5 limeshaandikwa na linashughulikiwa. Sukari ipimwe akifika na iendelee kupimwa siku hizo tatu, kila masaa 6 ni sawa kwa wengi, ikizidi 10 daktari aambiwe. Na dripu, isiwe ya sukari kama sukari yake haijashuka.

HATUA YA 5: Presha, na ile tabia ya kuishusha kwa pupa

Nesi mzuri akiona 200 kwa 110 mkono unawasha, anataka kushusha. Mfundishe kwanini asifanye hivyo peke yake. Mshipa ukiziba, sehemu ya ubongo inayozunguka pale palipokufa inaishi kwa presha hiyohiyo iliyopanda, ukiishusha ghafla unaimalizia. Kwa kiharusi cha kuziba ambacho hakipewi dawa ya kuyeyusha, kwa kawaida presha inaachwa siku ya kwanza mpaka ivuke 220 kwa 120. Anayepewa hiyo dawa ni hadithi nyingine, iwe chini ya 185 kwa 110 kabla, na chini ya 180 kwa 105 kwa masaa 24 baada. Kiharusi cha damu kuvuja nacho kina lengo lake, daktari mara nyingi atataka ile namba ya juu iwe karibu na 140. Kwa hiyo swali la kwanza la nesi liwe "siti skani imesema nini?"

Na nifedipini, ile dawa ya presha, ya kutoboa na kudondoshea chini ya ulimi, jamani, iishe. Inashusha presha kama mtu kadondoka ngazi na huwezi kuipandisha tena kwa muda unaoutaka. Aspirini vilevile haitolewi kwa kubahatisha kabla ya picha.

HATUA YA 6: Mwili

Haya wauguzi wengi wanayajua, shida ni kuyafanya watu wakiwa wawili wodi nzima. Kugeuza kila masaa 2, bandika saa kitandani na upande anaotakiwa kulalia. Bega la upande uliopooza lisivutwe kamwe, na hapa wanaokosea zaidi ni ndugu na wabeba machela, wanamwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono na bega linatoka mahali pake, maumivu yake yanakaa miezi. Mkono uwe juu ya mto. Dripu na kipimo cha presha viwe mkono usiopooza. Mpira wa mkojo usiwekwe kwa ajili ya kurahisisha kazi, ukiwekwa uandikwe sababu na siku ya kuutoa.

Kuhusu kumwinua mapema: ndani ya masaa 24 ya kwanza usimlazimishe mazoezi marefu, utafiti mkubwa wa 2015 ulionesha kukazana sana siku ya kwanza kunaharibu badala ya kusaidia. Baada ya hapo akae kitandani, kwenye kiti, vipindi vifupi vya mara kwa mara.

HATUA YA 7: Jinsi ya kufundisha bila kuchosha watu

Dakika 10 wakati wa kukabidhiana zamu, kitu kimoja, kitandani kwa mgonjwa halisi, ukishamwomba ruhusa yeye au ndugu yake. Jumatatu kumeza, wiki nzima kumeza, usihame. Usiulize "mmeelewa?", kila mtu ataitikia ndio. Sema "nioneshe". Akikosea usimrekebishe mbele ya mgonjwa kwa sauti ya mwalimu wa zamu, mshike pembeni.

Zamu ya usiku usiifundishe asubuhi saa mbili wakati watu wanataka daladala wakalale. Nenda wewe usiku, hata mara mbili kwa mwezi. Ndo utaheshimika na ndo utaona ukweli. Wanafunzi wa UDOM na St John's wakija mafunzo ya vitendo usiwaache wawe wa kupima presha tu, mpe mwanafunzi mgonjwa mmoja wa kiharusi amfuatilie siku tatu, afu yeye ndo awaeleze wauguzi kaona nini. Utashangaa wanavoona vitu sisi tumeshavizoea.

Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja. Mmoja! Mara ya mwisho kuonekana mzima, sukari, joto, kumeza kapita au hajapita na saa na sahihi, presha, ngozi. Ukileta kurasa nne zitajazwa zote kwa pamoja saa kumi na moja alfajiri, kwa kalamu moja.

HATUA YA 8: Ndugu ni wanafunzi wako pia

Saa ya kuona wagonjwa mchana ndo saa ya hatari, hotpoti zinafunguliwa, kila mtu anataka baba ale apate nguvu. Nesi mmoja awe mlangoni na mtu mmoja kutoka kila familia achaguliwe awe ndo mlishaji, afundishwe yeye, wengine waambiwe wamuulize yeye. Bango liandikwe Kiswahili cha kawaida, "BABA HAWEZI KUMEZA BADO, MUULIZE NESI", achana na vifupisho vya kihospitali.

Wapo watakaokwambia katupiwa, au ni upepo umempitia, na wengine wameshapitia kwa mganga ndo wakaja, chale mbichi unaziona. Usiwagombeze, ukigombeza watamtoa usiku. Mwambie: mama, hayo ya maombi na hayo mengine siyakatazi mimi, ninachokuomba asimezeshwe kitu na asikatwe, maana mshipa wa kichwani ndo ulioziba na picha tunaweza kukuonesha. Mzee wa ukoo akiwepo ongea naye kwanza, akikubali yeye wengine wametulia.

Kabla ya ruhusa ya kurudi nyumbani, ndugu amlishe, amgeuze na amhamishe kwenye kiti mbele yako. Uliza choo kikoje. Kama ni cha shimo, fundi seremala yeyote atawatengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati. Dawa za presha ni za maisha, zikikaribia kuisha aende kituo cha karibu na kijijini kwake, asisubiri tarehe ya kliniki ya mjini. Na muulizeni mgonjwa mwenyewe moyo wake ukoje, karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi wanapata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, na watu wanaona kama kanuna tu au kadeka.

HATUA YA 9: Pima, afu nenda kwa metroni

Kila mwisho wa mwezi chota mafaili 10 bila kuchagua. Angalia: kumeza kumepimwa kabla ya kitu chochote cha mdomoni? Joto la masaa 72 limekamilika? Sukari ya mlangoni ipo? Muda wa mwisho kuonekana mzima upo? Hesabu, andika kwa maka pen kwenye karatasi, bandika chumba cha chai. Usiandike majina ya wauguzi. Kama kumeza ni 3 kati ya 10, usiwafokee, nenda kaulize ni nini kinazuia, utakuta labda hakuna kijiko wodini, kweli kabisa, hakuna kijiko.

Kitu kitakachokuvunja moyo ni uhamisho, umefundisha watu sita wamekuwa wazuri, mwezi ujao wanne wamepelekwa wodi ya watoto. Hapo peleka ile karatasi kwa metroni, muombe mambo mawili tu: wasihamishwe zaidi ya wawili kwa wakati mmoja, na kila zamu awepo angalau mmoja uliyemsainia kwamba anapima kumeza. Mafunzo yaandikishwe pia yahesabike kwenye yale ya kuendeleza taaluma yanayodaiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga wakati wa kuhuisha leseni, hilo litakuletea watu hata kutoka wodi ambazo hukuzialika. Na nenda na ombi la vijiko.